Kiti cha mwami kinapobaki tupu: siasa, arusi na matanga ya nyumba za kifalme

NYAWERA, Bukavu. – Mwezi wa Novemba 1931 Rwanda ilipata mfalme mpya, na mfalme wa zamani alikuwa angali hai. Tarehe 12 Gavana Charles Voisin alimtangazia Yuhi Musinga kwamba utawala wake umekwisha. Siku mbili baadaye Musinga alitolewa Nyanza pamoja na mama yake, Kanjogera, wake zake na watoto, akapelekwa Kamembe. Tarehe 16 mwanawe Rudahigwa, kijana wa miaka 20, alitawazwa kwa jina la Mutara wa Tatu. Aliyemtawaza ni Voisin, na jina hilo la kifalme lilitoka kwa Askofu Léon Classe wa Kabgayi. Abiru, wale walinzi wa siri za ufalme ambao ndio waliokuwa na haki ya kutaja jina la mfalme mpya, waliwekwa kando.

Watu wa Bukavu hawahitaji ramani kujua Kamembe ni wapi. Kutoka Nyawera unashuka mpaka Ruzizi, unavuka, umefika. Miaka hiyo mji wetu uliitwa Costermansville, na mfalme aliyeondolewa alikuwa akiishi ng'ambo ya pili ya mto, akilindwa.

Kwa desturi, mwana wa mfalme hutawazwa baba akiwa amekwisha kufa, kwa hiyo baba kukosekana siku ile si jambo la ajabu lenyewe. Ajabu ni yaliyofuata. Januari 1942 Mutara alifunga ndoa ya kanisa na Rosalie Gicanda. Tarehe 17 Oktoba 1943 alibatizwa Kabgayi, na baba yake wa ubatizo alikuwa Pierre Ryckmans, gavana mkuu wa Kongo. Mama mzazi wa Mutara, Kankazi, alibatizwa siku hiyohiyo pamoja na mwanawe. Baba mzazi alikuwa mbali zaidi kuliko mwanzo. Mwaka wa 1940, Wajerumani walipoivamia Ubelgiji, wakoloni walimkumbuka Musinga kama rafiki wa zamani wa Wajerumani, wakamhamisha kutoka Kamembe hadi Moba, huko Katanga, kwenye ufuko wa Tanganyika. Alifia Moba mwaka wa 1944. Arusi ya mwana na ubatizo wa mwana vyote vilipita baba akiwa hai, na katika nafasi ya baba alisimama gavana.

Hapo ndipo siasa inapoingia ndani ya nyumba za wakubwa. Haianzi na vita. Inaanza na swali la nani ameitwa, nani amekuja, na aliyekuja amekaa wapi.

Huku Kivu swali hilo ni la zamani kuliko Wabelgiji. Mapokeo ya nyumba kadhaa za bami, wa Bushi, wa Buhavu na wa Bufuliru, yanarudi mahali pamoja, Lwindi, kwa Banyindu. Wanahistoria wanabishana ni kiasi gani cha masimulizi hayo ni safari ya kweli na ni kiasi gani ni njia ya kusema tu ndugu. Hata ikiwa ni njia ya kusema tu ndugu, ina uzito wake: bami wa Kivu wakikutana, wanakutana kama watoto wa nyumba moja, wenye mkubwa na mdogo, wenye madeni ya zamani. Na Lwindi hiyohiyo, tarehe 24 Agosti 1998, mwami wake aliuawa Kasika pamoja na watu wa nyumba yake na raia wengi. Wazee wa kimila hawakuhesabu watu tu siku ile. Walihesabu kwamba shina limepigwa.

Kabare na Ngweshe ni mfano ulio karibu zaidi. Ngweshe ilitoka katika ukoo wa Kabare, ikakua, ikawa na bwami yake huko Walungu, huku Kabare ikibaki na yake Cirunga. Katika karne ya 19 nyumba hizo mbili zilipigana zaidi ya mara moja. Ugomvi wao ulihusu ng'ombe na vilima, lakini chini yake kulikuwa na jambo moja: je, Ngweshe ni mdogo wa Kabare, au ni mwami kamili? Jambo hilo halimalizwi kwa maneno. Linaonekana kwenye sherehe. Mdogo huenda kwa mkubwa, na mzawadi wake mkononi. Anayejiona sawa hutuma mtu.

Ndiyo maana sherehe ya mavuno ya kwanza ilikuwa na nguvu kubwa. Rwanda waliiita umuganura, Burundi umuganuro, Idjwi muganuro, na kwa Bashi kuna omubande, siku za mwami kufungua msimu wa mtama. Idjwi kila ukoo ulikuwa na kazi yake katika sherehe hiyo, na kufanya kazi hiyo ndiko kulikomwonyesha mtu kuwa ni wa ufalme. Asiyefika amejitoa. Wabelgiji walielewa jambo hili haraka kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka wa 1925 walisimamisha umuganura wa Rwanda, na Gashamura, mkuu wa ibada hiyo, wakamfukuza mpaka Burundi. Hawakuhitaji kumpiga mfalme risasi. Walimwondolea siku ambayo watu wote walikuwa wakija kwake. Katika miaka ya 1930 zamu ikafika Bushi: Mwami Alexandre Kabare Rugemaninzi aliondolewa, akapelekwa Léopoldville, akarudi kwa watu wake uhuru ulipokuwa unakaribia.

Kuna upande wa pili ambao husahaulika. Watu husema mwami asiyefika kwenye arusi ya mwenzake ana kiburi, lakini kwa mfalme safari yenyewe ni hatari. Mapokeo ya Rwanda yalimkataza kila mfalme mwenye jina la Yuhi kuvuka mto Nyabarongo. Mtu wa leo anaweza kucheka. Acheke kwanza, kisha aangalie yaliyowapata wafalme wa jirani walioacha ngoma zao nyumbani wakaenda safari. Mara mbili kati ya hizo, safari yenyewe ilikuwa ya mji mkuu wa Kongo.

Wa kwanza ni Kigeli wa Tano, Ndahindurwa. Mutara wa Tatu alikufa ghafla Usumbura tarehe 25 Julai 1959. Siku tatu baadaye alizikwa Mwima, karibu na Nyanza, na pale pale kaburini, mbele ya Gavana Jean-Paul Harroy ambaye hakuwa ameshauriwa, mrithi alitangazwa: Kigeli, ndugu wa marehemu, mwana mwingine wa Musinga. Safari hii abiru ndio waliosema jina, na Mbelgiji ndiye aliyesikiliza. Alama hiyo haikusahauliwa. Kabla mwaka haujaisha Rwanda ilikuwa inawaka moto. Tarehe 28 Januari 1961 wanasiasa waliokusanyika Gitarama walitangaza jamhuri. Mfalme hakuwepo nchini. Alikuwa amekwenda Léopoldville kutafuta kuonana na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld. Kura ya Septemba mwaka huo ikafunga mlango, na Kigeli akaanza maisha ya ukimbizi yaliyompitisha Tanganyika, Uganda na Kenya, mpaka Marekani.

Wa pili ni mtoto. Burundi ilikuwa na Mwambutsa wa Nne, aliyekaa kwenye kiti tangu mwaka wa 1915. Kufikia 1966 alikuwa akiishi Uswisi zaidi kuliko Bujumbura, na Julai ya mwaka huo mwanawe Charles Ndizeye, mwenye miaka 18, alishika utawala. Tarehe 1 Septemba alitawazwa kwa jina la Ntare wa Tano. Kwa mara nyingine, baba alikuwa hai na hakuwepo. Miezi miwili na kidogo baadaye ukaja mwaliko kutoka Kinshasa: Mobutu alikuwa anatimiza mwaka mmoja tangu achukue nchi, na alitaka jirani zake wawepo. Ntare alikwenda. Tarehe 28 Novemba 1966, akiwa bado Kinshasa kwenye sherehe ya mwenzake, waziri wake mkuu, Kapteni Michel Micombero, alitangaza kwamba ufalme umekwisha. Mgeni aliyeingia Kinshasa akiwa mfalme hakuwa na nchi ya kurudi.

Aliporudi, ilikuwa machi 1972, akitokea Uganda kwa Idi Amin. Alishikwa mara moja, akawekwa Gitega, akauawa usiku wa tarehe 29 Aprili. Alikuwa na miaka 24.

Mtu akijua hayo, anaelewa kwa nini nyumba za kifalme hupenda wajumbe. Mjumbe akitukanwa, mwami hajatukanwa. Mjumbe akizuiwa barabarani, nchi haijabaki bila kichwa. Kaka mdogo, mtoto wa kike, mzee wa baraza: kila cheo cha mjumbe kinasema urafiki umefika wapi, na wenye kujua husoma cheo hicho kama watu wanavyosoma bahasha ya arusi, nani kaandika nini na kiasi gani.

Wazungu nao wako hivyohivyo, ingawa wao hupenda kusema ni itifaki. Mfano wao unaojulikana zaidi unahusu mwamba mmoja tu. Gibraltar iko kwenye ncha ya kusini ya Hispania, na Uingereza iliupata mwamba huo kwa mkataba wa Utrecht wa 1713. Hispania haikuacha kuudai. Mwaka wa 1969 Jenerali Franco alifunga mpaka kabisa, na familia zilizokuwa na ndugu pande zote mbili zikawa zinaitana kwa sauti kwenye uzio. Watu wa Ruzizi na wa Kamanyola wanaweza kuliona jambo hilo bila kuelezwa.

Tarehe 29 Julai 1981 Charles, mwana wa Malkia Elizabeth, alimwoa Diana. Mfalme Juan Carlos wa Hispania na mke wake Sofía walialikwa. Hawakwenda. Sababu haikuwa bibi arusi wala bwana arusi. Sababu ilikuwa kwamba maarusi wangepanda meli ya kifalme Britannia wakiwa Gibraltar kuanza fungate yao. Bandari moja tu, katika safari iliyokuwa na bandari nyingine nyingi. Kwa Madrid, kukaa kanisani London siku chache kabla ya mrithi wa Uingereza kukanyaga Gibraltar kungekuwa sawa na kusema mwamba ni wenu. Rais wa Ugiriki naye hakufika siku hiyo, kwa neno moja kwenye kadi: Constantine, aliyekuwa amepoteza kiti, alialikwa kama mfalme, wakati Ugiriki ilikuwa jamhuri.

Ukiutazama ukoo wao kwa macho ya huku, jambo linakuwa zito zaidi. Sofía alizaliwa Ugiriki, na baba yake, Mfalme Paul, alikuwa mtoto wa ndugu na Philip, mume wa Elizabeth: baba zao walizaliwa tumbo moja. Kwa Kiswahili, Philip alikuwa baba mdogo wa Sofía. Bwana arusi alikuwa kaka yake. Aliikosa arusi ya kaka yake kwa sababu ya bandari.

Mpaka wa Gibraltar ulifunguliwa kabisa Februari 1985, na mwaka uliofuata Juan Carlos alikwenda Uingereza kwa heshima zote. Elizabeth akarudisha ziara hiyo mwaka wa 1988. Ingedhaniwa yamekwisha. Lakini Mei 2012, Elizabeth alipowakusanya wafalme wa dunia kwa chakula cha kutimiza miaka 60 kwenye kiti, serikali ya Hispania ilimshauri Sofía asiende, naye akaahirisha siku mbili tu kabla. Wavuvi wa Hispania na polisi wa Gibraltar walikuwa wanagombania maji, na mwana mwingine wa Elizabeth alikuwa tayari kuutembelea mwamba. Zamu hii waliozuia ni mawaziri. Katika nchi hizo mfalme hana uhuru wa kukubali mwaliko peke yake, jambo ambalo bami wetu, wanaolipwa na kutambuliwa na serikali, wanalijua kwa njia yao.

Ubelgiji ina kisa chake, na kinamhusu mtu ambaye wazee wa Bukavu bado wanamwita Bwana Kitoko. Mwaka wa 1952 Mfalme George wa Sita wa Uingereza alipokufa, Baudouin, kijana aliyekuwa ameketi kwenye kiti kwa miezi michache tu, hakwenda kuzika. Alimtuma mdogo wake Albert. Nyuma ya uamuzi huo alikuwepo baba yake, Léopold wa Tatu, ambaye hakuwasamehe Waingereza maneno waliyomsemea alipojisalimisha kwa Wajerumani Mei 1940. Wabelgiji wengi waliona aibu, maana Uingereza ndiyo iliyowaokoa. Miaka 41 baadaye, Agosti 1993, Baudouin mwenyewe alipozikwa Brussels, Elizabeth, binti wa yule aliyekosewa, alifika yeye mwenyewe, ingawa kwa kawaida hakuwa akienda kwenye mazishi ya wafalme wa nje. Alilipa deni ambalo hakuwa nalo.

Baudouin alikufa tarehe 31 Julai 1993, siku ileile ambayo Buganda ilikuwa inamtawaza Ronald Muwenda Mutebi huko Naggalabi, baada ya miaka 27 bila Kabaka. Hao wa Buganda ndio waliotoa mfano mchungu zaidi wa karibuni. Septemba 2009 Kabaka alikuwa aende Kayunga, eneo la Bugerere, kwenye sherehe za siku ya vijana. Bugerere ni sehemu ya Buganda kwa mujibu wa Mengo, lakini Wabanyala wanaoishi huko walikuwa na mkuu wao, Ssabanyala Baker Kimeze, ambaye hakutaka Kabaka aje bila kukubaliwa naye. Ni suala la Kabare na Ngweshe kwa sura nyingine: huyu anakuja kama mwenyeji au kama mgeni? Serikali ilisema usalama haupo. Tarehe 10 Katikkiro J. B. Walusimbi, aliyetangulia kuandaa ziara, alizuiwa njiani. Kampala ikalipuka. Zaidi ya watu 20 walikufa katika siku chache, wengi kwa risasi, na redio ya Buganda, CBS, ilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Wasikilizaji wake walikosa hata matangazo ya vifo, ambayo kwa watu wa vijijini ndiyo njia ya kujua nani wa kuzikwa wapi. Kabaka alikanyaga Bugerere mwaka wa 2014, baada ya makubaliano na Rais Museveni. Sherehe ilifanyika. Waliokufa 2009 hawakuwa wafalme wala jamaa za wafalme.

Hilo ni la kukaa nalo. Mfalme asiyefika hupoteza siku moja. Walio chini yake hupoteza soko, barabara, redio, mara nyingine maisha. Tangu Februari 2025, mji wa Bukavu ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, familia nyingi za hapa zimekuwa na mstari wa vita katikati ya ukoo. Wapo wanaofanya matanga mara mbili, mara moja panapozikwa mtu na mara ya pili walipokimbilia ndugu. Wapo wanaopeleka mahari kwa simu. Katika nyumba hizo pia kiti hubaki tupu, na kila anayekitazama hujiuliza kama mwenye kiti ameshindwa kuja au amekataa kuja. Bila kusema naye huwezi kujua, na huko ndiko uadui mpya unakozaliwa kati ya watu ambao hawakugombana.

Mazishi ya wafalme wenyewe yameendelea kubeba ugomvi wa walio hai. Kigeli wa Tano alikufa Marekani Oktoba 2016. Ndugu zake waligawanyika: wengine walitaka arudi kwa mababu, wengine walisema hakuwahi kutaka kurudi Rwanda iliyo chini ya serikali hii. Mahakama ya Marekani iliwasikiliza, mwili ukarudi, na tarehe 15 Januari 2017 alizikwa Mwima, karibu na Mutara, mahali palepale alipotangazwa mfalme miaka 57 kabla. Siku chache kabla ya mazishi, jamaa wa upande wa pili walikuwa wamemtangaza mrithi, Yuhi wa Sita, akiwa ughaibuni. Mrithi hakusimama kaburini.

Mwambutsa wa Burundi alikuwa na njia yake. Alikufa Geneva mwaka wa 1977, akazikwa Meyrin, na aliacha wosia kwamba mwili wake usirudishwe Burundi. Mwanawe Rwagasore alipigwa risasi Oktoba 1961, na mwanawe Ntare aliuawa Gitega. Mwaka wa 2012 Burundi ilipoandaa sherehe za miaka 50 ya uhuru, serikali ilitaka mfalme wa uhuru awepo, hata akiwa mifupa. Binti yake, Rosa Paula Iribagiza, alikubali, na kaburi likafukuliwa. Esther Kamatari, mtoto wa ndugu yake, alikwenda mahakamani na wosia mkononi. Sherehe ya Julai ilipita mfalme akiwa kwenye chumba cha maiti Geneva, na kesi ikaendelea miaka 4 zaidi. Mahakama ya juu ya Uswisi iliamua kufuata maneno ya marehemu. Akarudishwa ardhini Meyrin.